Mkwe Mgongoni

Salehe alikuwa ameishi Luhumbo mpaka akaota mvi, akilima ardhi ya mama mkwe wake na kunywa maji ya kijito chake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama usoni. Wala hakuna aliyeona ajabu. Huko milimani, enzi zile za Mdachi, heshima ya mkwe ilikuwa ndiyo hiyo. Mkikutana njiani, mwanamume anaingia majanini na kugeuza kisogo mpaka mama wa mkewe apite. Akiwa na neno la kumwambia, humtuma mkewe.

Kwa hiyo Hidaya, mke wa Salehe, ndiye aliyekuwa daraja. Mama yake, Mosi, aliketi ndani ya nyumba yake, na Salehe aliketi nje, upande wa pili wa ukuta wa udongo, karibu kiasi cha kumsikia akipuliza moto.

"Mwambie mumeo," Mosi alisema, "lile tuta la maharage amelielekeza mtelemko. Mvua italishusha lote."

"Mama anasema tuta la maharage umelielekeza mtelemko."

"Mwambie mama nimesikia. Kesho nitalipanga upya."

"Anasema amesi..."

"Mimi si kiziwi," Mosi alidakia. "Mwambie kesho ni mbali, leo kuna wingu."

Salehe alichukua jembe akaenda. Ardhi ile haikuwa yake. Milimani ardhi hupita upande wa mama, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe na jembe lake begani. Salehe alizaliwa chini Mlali, mahali milima inapoishia. Ujanani alikuwa mpagazi. Alibeba majora ya vitambaa kutoka pwani hadi bara, na pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, akalala chini ya nyota za nchi nyingi. Lakini siku alipopanda Luhumbo na kumwona Hidaya akichota maji, safari ziliisha. Baadaye reli ilifika Morogoro, nao wapagazi wakakosa kazi, lakini yeye hata hakusikitika. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wameifuata reli hiyo kuelekea Tabora, na habari zao zilifika mara chache, kwa midomo ya wapita njia.

Mosi alikuwa mzee hata yeye mwenyewe hakujua umri wake. Mguu wake mmoja ulikuwa umekauka tangu alipoporomoka gengeni, na sasa alikuwa akijikokota uani kwa mikono. Hakuwahi kushuka bondeni maishani mwake. Alisema nchi ya tambarare haina adabu, kila mtu anakuona unachokula.

Mwaka huo, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, Bwana Misitu alipanda Luhumbo. Alikuwa Mdachi mwembamba mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, na pamoja naye walikuja akida, askari wawili, na kundi la vibarua wenye mapanga chini ya msimamizi mmoja wa kijiji cha misheni, jina lake Lukasi. Watu wa Luhumbo walikusanywa. Bwana Misitu alikinga kiganja kijitoni, akanywa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akasema maneno marefu kwa lugha yake. Akida akayafupisha.

"Mnakumbuka miaka ile Serikali ilipoweka mpaka wa msitu kule juu. Ule mpaka umeonekana hautoshi. Mashamba yanapanda, miti inaisha, tope linashuka mitoni. Kwa hiyo ardhi yote ya Luhumbo imeongezwa kwenye msitu wa Serikali. Hakuna kulima tena humu, hakuna kukata hata fito. Mtavuna kilichopandwa, kisha mtashuka mkatafute pa kukaa."

Kutoka ndani ya nyumba iliyokuwa nyuma yao, sauti ya mwanamke mzee ikasikika wazi.

"Hidaya! Mwambie mumeo awaulize: kama wanaogopa miti itaisha, hii iliyopo ilibakizwa na nani?"

Salehe alitazama chini. Askari mmoja aliinua kichwa kutafuta aliyesema. Hakuna aliyeuliza swali lile, na Bwana Misitu hakulijua mpaka leo.

Siku zilizofuata vibarua walifyeka mkuza, njia pana iliyonyooka kupita kwenye migomba na mihogo bila kujali ya nani, na kila baada ya umbali fulani wakajenga rundo la mawe lililopakwa chokaa kuwa alama ya mpaka. Rundo mojawapo liliangukia mwisho wa ua wa Mosi. Nyumba ikabaki upande wa msitu.

Asubuhi iliyofuata Salehe alipotoka kwenda shambani, alikuta rundo limebomoka. Mawe yalikuwa yametapakaa, na kutoka pale hadi mlangoni kwa Mosi palikuwa na alama pana mchangani, kama ya mtu aliyejikokota.

Akaelewa. Alisimama akaangalia huku na huku, kisha akainama, akayapanga mawe upya, moja juu ya jingine, upande wenye chokaa ukitazama nje. Hakumwambia mtu.

Alfajiri ya pili ikawa vilevile. Na ya tatu. Mosi alibomoa, Salehe akajenga. Mchana, ukuta ukiwa kati yao, walizungumza habari za kuku na kunguru kupitia kwa Hidaya, wala hakuna aliyegusia mawe. Hidaya, ambaye hakuwa mjinga, alimuuliza mumewe usiku wakila.

"Kwa nini humwambii aache?"

"Nimwambie kwa mdomo gani? Na nikimwambia aache, atafanya nini mchana kutwa? Mwache abomoe. Mimi nina mikono."

"Na wakimkuta?"

Salehe alimega tonge, akalishika bila kulila. "Ndiyo maana naamka mapema," alisema.

Lakini siku moja homa ilimlaza, na jua likamtangulia. Alipozinduka alisikia sauti za wanaume nje. Alitoka akiyumba na shuka begani. Lukasi alikuwa amesimama juu ya mawe yaliyotapakaa, na askari mmoja pembeni yake alikuwa amekwisha kuiona ile alama ya mtu kujikokota, anaifuata kwa macho kuelekea mlangoni kwa Mosi.

"Ni mimi," Salehe alisema.

Lukasi alimtazama. Alimtazama miguu yake mizima, akatazama ile alama mchangani, na uso wake ukaonyesha kwamba anajua. "Fikiri kabla ya kusema, mzee," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nimefikiri. Ni mimi. Nilikasirika."

Walimpiga viboko palepale uani, amelazwa kifudifudi. Ndani ya nyumba hapakusikika kitu, hata kikohozi. Hidaya alikuwa kijitoni. Aliposikia alikimbia na mtungi ukavunjika njiani, lakini alipofika yalikuwa yamekwisha. Lukasi mwenyewe ndiye aliyemsaidia Salehe kuinuka, na alipokuwa akimwegemeza ukutani alisema kwa aibu, "Nisamehe, kaka. Na mimi wananitazama."

Salehe alilala kifudifudi siku ile na iliyofuata. Asubuhi ya tatu, Hidaya alipofungua mlango, alikuta kizingitini kibuyu kidogo cha mafuta ya mbarika na majani yaliyopondwa yakafungwa kwenye jani la mgomba. Kutoka hapo hadi nyumba ya mama yake palikuwa na ile alama pana mchangani. Kutoka kwa Mosi kuja hapo njia ilikuwa ya kupanda, na umande ulikuwa haujakauka.

Na mwisho wa ua, rundo ambalo vibarua walilipanga upya lilikuwa bado limesimama. Halikuguswa tena.

Hidaya alimpaka mumewe yale mafuta mgongoni, polepole, machozi yakimdondoka juu ya kazi yake. Jioni aliitwa na mama yake.

"Mwambie mumeo," Mosi alisema, na safari hii hakupaza sauti ili isikike nje, "mjomba wake bado ana ardhi kule Mlali?"

Salehe, akiwa upande wa pili wa ukuta, alisikia kila neno. Alingoja mkewe atoke amletee swali. Kisha akajibu kwa taratibu zote:

"Mwambie mama ardhi ipo. Mwambie mjomba Dadi ni mzee, anaishi peke yake, shamba limemzidi. Na mwambie..." Alisita, akatafuta maneno. "Mimi nilipofika hapa sikuwa na kitu, nikaonyeshwa mahali pa kulala na mahali pa kulima. Sikuulizwa nitaondoka lini. Mwambie namwomba aje kwetu."

Ndani Mosi alisikika akisogeza kuni motoni.

"Mwambie nitashuka," Mosi alisema hatimaye. "Lakini machela sipandi. Machela ni ya maiti na ya Wazungu, na mimi bado si mmoja wao."

Wakavuna mahindi. Nyumba moja moja ya Luhumbo ilianza kuhama: huyu kwa ndugu zake Kinole, yule kwenye mashamba ya walowezi, wengine kijiji cha misheni. Hidaya na Salehe wakabaki karibu wa mwisho, kwa sababu ya tatizo moja lililokuwa wazi kama mchana. Nani atamshusha Mosi?

Hidaya alisema atambeba mwenyewe. Alimfunga mama yake mgongoni kwa kaniki mbili, kama mtoto, akajaribu njia hadi kwenye mwamba wa kwanza. Nguvu zikamwisha. Wakaanguka wote wawili kwenye majani marefu, mama juu ya binti, na walipoona hakuna aliyeumia wakakaa palepale wakicheka, kisha Hidaya akalia.

"Wanangu wangekuwapo," alisema. "Wangekubeba."

"Hawapo," mama yake alimjibu, akimtoa majani kichwani. "Aliyepo ni mmoja." Mkono wake ukasimama, kama aliyeshtushwa na maneno yake mwenyewe.

Jambo hilo lilikuwa zito. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, atambebaje mgongoni? Hidaya alilifikisha kwa mumewe huku akiangalia pembeni. Salehe alichukua panga, akateremka kwenye mianzi iliyoota nje ya mpaka, na kutwa nzima akasikika akigonga na kuchonga. Enzi za misafara alikuwa amejifunza kufunga mizigo ya kila namna. Alitengeneza kiti cha mianzi, chepesi, chenye egemeo na kibao cha kuwekea miguu, na kamba za magome za kupita mabegani. Alipokimaliza alikiweka uani, akamwita Hidaya.

"Mwonyeshe mama," alisema. "Mwambie mbebaji anatazama mbele na anayebebwa anatazama nyuma. Migongo ndiyo inayokutana. Macho hayakutani."

Mosi alikizunguka kile kiti kwa mikono yake, akavuta kamba moja, akagonga mwanzi mmoja kwa kidole.

"Mwambie mumeo," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Salehe hakuwahi kukisikia kupitia ukuta ule, "kumbe ana akili."

Walianza safari kulipopambazuka vizuri. Kwanza Hidaya alimpeleka mama yake kwenye makaburi, nyuma ya nyumba, alikolala mama mzazi wa Mosi na bibi yake, na kijilima kidogo cha mtoto wa kike wa Hidaya aliyekufa kabla ya kupewa jina. Salehe alikaa mbali, kisogo kwao. Alisikia unga ukinyunyizwa juu ya majani makavu, akasikia mama mkwe wake akisema na walio chini, bila kulia, kama mtu anayeaga majirani.

"Tunawaacha, hatuwatupi. Hapa hapatalimwa tena, wamesema. Basi jembe halitawagusa. Mlindeni huyu mdogo, na miti iwape kivuli."

Kisha Salehe alichuchumaa, Hidaya akamkalisha mama yake kitini na kukaza kamba. Salehe akainuka. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Sauti ile iliyokuwa imemtawala miaka yote kutoka nyuma ya ukuta, kumbe mwili wake haukuzidi debe la mtama.

Hidaya alitangulia na mbuzi, kuku na mzigo wa vyombo kichwani. Mbuzi alikuwa mbishi; alikazana, Hidaya akamfuata, na punde kona za njia zikawameza. Salehe akabaki na mkwewe wawili tu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aoe. Alishuka kwa kimya, akitafuta pa kukanyaga. Jasho lilimwingia kwenye makovu mapya mgongoni, nayo kamba zikayasugua mpaka yakafumuka. Alikaza meno.

"Mwambie mumeo apumzike," Mosi alisema.

Hakuna aliyejibu. Ndege mmoja alilia kwenye mti. Salehe alisimama, kwa sababu amri ilikuwa amri, lakini hakujua afanye nini na kimya kile. Alihisi mgongo wa yule mzee ukipanda na kushuka nyuma ya wake, kupitia mianzi.

"Salehe," Mosi alisema.

Salehe alikuwa hajawahi kulisikia jina lake kinywani mwa mkwewe.

"Labeka, mama."

"Pumzika. Unavuja damu, kamba zimelowa."

Alichuchumaa polepole hadi kiti kikagusa mwamba, akakaa bila kugeuka. Walikaa hivyo, kisogo kwa kisogo, yeye akitazama bonde na Mosi akitazama mlima.

"Nyumbani bado panaonekana?" Salehe aliuliza baada ya muda. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Paa la nyumba naliona. Na ule mgomba ulioupanda nyuma ya jiko." Akakaza macho. "Kuna moshi. Tulizima moto?"

"Hidaya aliuzima. Ni ukungu, mama."

"Ukungu basi."

Aliinuka tena. Sasa maneno yalikuwa yamepata njia. Mosi alimweleza anachokiona nyuma kwa sababu Salehe hakuweza kugeuka: paa limekwenda, mgomba umekwenda, sasa ni ule mwamba wenye umbo la ng'ombe, sasa ni msitu mtupu. Na Salehe alimweleza cha mbele: sasa tunaingia kwenye vichaka, sasa naona mto, ng'ambo kuna watu wanapalilia, hata sauti zao zinasikika.

"Na hiyo tambarare ikoje?" Mosi aliuliza. "Sema kweli."

"Ni pana. Jua lake ni kali. Ila jioni unaiona milima yote, mama, tangu huku mpaka kule. Wakati mwingine ukiwa juu yake huioni."

Salehe alihisi mkono mkavu wa Mosi ukipapasa nyuma, ukaigusa kamba iliyokuwa ikimsugua begani, ukaingiza ukingo wa kaniki chini yake ili isimkate. Mkono ukaondoka haraka kama ulivyokuja. Salehe aliendelea kutembea. Njia ilikuwa mbele yake, lakini kwa hatua kadhaa hakuiona vizuri, maana macho yalikuwa yamejaa maji.

Mtoni aliteleza. Maji yalikuwa ya magotini, na jiwe moja likageuka chini ya unyayo wake. Alipiga goti, kiti kikainama, na Mosi akaoga mpaka kifuani. Salehe aliganda kwa hofu.

"Mama! Umeumia?"

"Kumbe nia yako ilikuwa kunibatiza," Mosi alisema. "Ungeniambia tu, ningeenda kwa mapadri."

Salehe alicheka mpaka ikabidi asimame katikati ya mto kusubiri pumzi, naye alisikia kicheko cha mkwewe kikitikisa mianzi.

Walipoiona Mlali, Hidaya alikuwa akiwangoja njia panda na mbuzi wake. Alitazama nyuso zao, mmoja upande huu na mwingine upande ule, akajua kuna jambo limepita. Hakuuliza. Mosi alikuwa amemwambia Salehe taratibu, kabla hawajamfikia: "Ya njiani yabaki njiani, mwanangu." Salehe akaitika, "Ndiyo, mama."

Mjomba Dadi alikuwa mlangoni kwake, mzee mfupi mwenye kofia iliyochoka, mtu wa maneno mengi aliyekuwa amekosa wa kumsikiliza kwa muda mrefu. Salehe alipotua kiti chini ya upenu na kusogea kando, Dadi alimkaribisha mgeni wake kwa heshima zote, akampa maji, akamuuliza hali ya milimani. Kisha, kwa fahari, akaanza kumweleza habari za shamba lake.

"Hapa mbele nitawapa mpande mahindi. Udongo wa hapa hauna mfano."

Mosi aliteremka kitini. Alijikokota hadi ukingo wa shamba, akachimba kwa vidole, akatoa donge, akalivunja, akalinusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi na kutema.

"Mahindi?" alisema. "Hapa?"

"Nimelima mahindi hapa tangu ujana wangu!"

"Na yamekuwa yakikufikia wapi? Magotini?"

"Mwaka jana mvua zilikuwa mbaya," Dadi alisema.

"Udongo huu unataka mtama. Na kule bondeni, penye majani mabichi, pandeni viazi. Ndugu yangu, umekuwa ukiutesa."

"Mwanamke, umefika sasa hivi! Hata nguo zako hazijakauka!"

"Ndiyo maana nasema mapema, kabla hujapanda."

Wakaendelea hivyo, mzee wa tambarare na bibi wa mlimani, mmoja akionyesha kwa fimbo na mwingine kwa kiganja chenye udongo, na jua likawa linashuka huku Uluguru nzima ikigeuka rangi ya samawati nyuma yao. Hidaya alikuwa bado amebeba vyombo kichwani, amesahau kuvitua. Alimtazama mama yake akigombana, akaona mabega yake yalivyosimama, naye akaanza kutabasamu. Salehe alimsogelea, akamtua mzigo, wakasimama pamoja wakisikiliza.

Mvua za kwanza zilipokuja, walipanda mtama.